Udongo Mweusi, Udongo Mwekundu

Jumatatu, 3 Machi
Kocha kasema niandike kwa mkono wa kushoto kila siku, hata mstari mmoja. Huu hapa mstari mmoja.

Jumanne, 4 Machi
Mvua. Mwandiko wangu kama kuku kapita kwenye majivu.

Ijumaa, 7 Machi
Leo mkono una nguvu kidogo. Niandike niko wapi na kwa nini, maana nikifa daftari likaokotwa watasema bibi alikuwa anachora.

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa mkaguzi wa vitambaa kiwandani. Jora linapita juu ya meza yenye taa chini yake, nami natafuta uzi uliokatika, doa la mafuta, mshindio uliolegea. Wenzangu waliniita Jicho. Januari kiharusi kilinipiga upande wa kulia nikiwa peke yangu nyumbani kwangu. Nilikaa sakafuni tangu asubuhi mpaka jirani alipokuja kuazima chungio. Nilipotoka hospitali nikaletwa huku kwa mwanangu, ng'ambo ya pili ya mji, nikapewa chumba cha nyuma chenye dirisha moja. Mwanangu ni fundi wa lifti, hutoka alfajiri. Anayenitunza ni mkewe. Ananiosha, ananilisha, ananichana nywele, na muda wote huo anatabasamu.

Jora lisilo na kasoro hata moja nilikuwa nalirudisha mwanzo, nilikague upya.

Jumapili, 9 Machi
Mvua. Uji.

Jumanne, 11 Machi
Mkwe wangu ana safari. Kila Jumanne na Ijumaa, vyombo vya mchana vikishaoshwa, anachungulia mlangoni: "Mama, nafika dukani mara moja." Hiyo mara moja yake ni saa mbili na nusu. Leo kanirudia na kiberiti. Saa mbili na nusu, kiberiti kimoja! Na alipokuwa anatoka nilisikia funguo zikigongana mkobani. Mlango wa nyumba hii una ufunguo mmoja tu.

Funguo zangu mimi ni tatu, kwenye pete ya waya. Sijaziona tangu Januari.

Jumatano, 12 Machi
Kocha alikuja. Si kocha wa mpira, ni mtu wa hospitali anayefundisha viungo kazi upya. Jina hilo nimempa mimi kwa sababu ya filimbi ya sauti yake. Pande la mtu, viatu kama mashua.

"Mama Jicho, leo nataka hatua tatu tu."

"Za kwenda wapi?"

"Za kwenda popote."

"Popote sina haja napo."

Akanitazama, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Najua alichoandika. Mimi pia niliandika hivyo hivyo kwa majora yaliyoshindikana: *weka kando*.

Sitaandika uongo hapa. Nasubiri tu. Nikilala naomba nisiamke, nikiamka naona dari ile ile.

Ijumaa, 14 Machi
Mdudu kaingia dirishani. Nyigu mweusi, kiuno chembamba kama uzi wa kushonea, miguu ya manjano. Alibeba donge la udongo kinywani, akalibandika pembeni ya fremu, akalisawazisha kwa kichwa huku akivuma kwa sauti nyembamba, kama cherehani ya mbali. Akaondoka. Akarudi na donge jingine.

Mkwe akaja na ufagio. "Mama, huyu atakuuma."

"Mwache."

Akasimama na ufagio juu. Nafikiri hilo ndilo neno la kwanza nililomwambia kwa sauti wiki nzima. Sikumtetea mdudu kwa huruma. Nilimshuku, nikataka kujua anafanya nini.

Kisha mkwe akaenda "dukani".

Jumamosi, 15 Machi
Madonge ishirini na sita kabla ya mchana. Halafu mvua.

Jumanne, 18 Machi
Nyigu kamaliza chumba cha kwanza, kama kidole kilichochomekwa ukutani. Kila donge limeacha mstari wake, mmoja kulia, mmoja kushoto, ikakutana katikati kama msuko wa nywele. Nimekagua majora ya mashine za bei mbaya yasiyokuwa na mistari iliyopangana vile. Nani kamfundisha?

Mkwe katoka saa saba na nusu, karudi saa kumi na dakika kumi. Leo hana hata kiberiti. "Duka limefungwa, Mama." Duka ninaliona kutoka hapa nikiinua shingo. Lilikuwa wazi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nguo nazijua.

Ijumaa, 21 Machi
Nimemkamata nyigu! Haleti chakula cha kawaida, analeta buibui. Wadogo, wa rangi rangi, mmoja wa kijani. Anawashindilia chumbani, kisha anaziba mlango kwa udongo. Hawapigani naye. Wanaingia kama mizigo.

Nimemwambia mkwe, nikajutia kumwambia, maana alisogeza kiti akakaa. "Wamekufa?"

"Sijui."

"Kama wamekufa, mbona hawaozi?"

Swali zuri. Lilinikera kuwa ni zuri. Siku ya safari yake ilikuwa leo, akachelewa kuondoka kwa ajili ya kutazama buibui. Hilo nalo nimeliandika. Sijajua niliweke upande gani wa mizani.

Jumatatu, 24 Machi
Kocha: hatua tatu. Mimi: hapana.

Jumanne, 25 Machi
Leo nitaandika mpaka mkono ukatae.

Baada ya mkwe kutoka, upepo ulikuja wa kutisha. Bawa la dirisha likajipiga, na chumba cha mwisho cha nyigu kikapasuka. Udongo na buibui vikamwagika kitandani kwangu, juu ya shuka, karibu na mkono wangu wa kulia. Buibui kumi na mmoja. Niliwahesabu. Miguu wameikunja, wametulia tuli. Nikasema, haya, wamekufa, jibu limepatikana.

Halafu nikaona mmoja, yule wa kijani. Au niliona? Mguu wa mbele, ncha yake, ilitetemeka. Macho yangu ya sasa siyaamini. Nilihitaji lenzi yangu, ile ndogo ya kukunja niliyohesabia nyuzi kiwandani. Ilikuwa kwenye mkoba wangu wa zamani, ndani ya kabati, upande wa pili wa chumba. Niliita. Nyumba kimya. Mtu wangu yuko "dukani".

Ningeweza kungoja. Lakini vipi kama ataacha kutetemeka kabla sijaona?

Nikashika kichwa cha kitanda. Nikasimama. Mguu wa kulia ulikuwa kama wa mtu mwingine, nilioazimwa, nikauburuta. Kitanda mpaka kiti, hatua mbili. Kiti nikakisukuma mbele yangu. Nikatukana, na tusi likatoka nusu, kwa sababu nusu ya mdomo haifanyi kazi, nikacheka peke yangu kama mwehu. Hatua saba mpaka kabatini. Mkoba ulikuwa rafu ya chini. Nilipoinama nikajua sitainuka, basi nikakaa sakafuni, nikatoa lenzi, nikarudi kwa makalio, nikiburuta kiti kwa mguu mzima. Ilinichukua muda ambao jora zima lingepita mezani.

Nikaegemea ukingo wa kitanda, nikaweka jicho kwenye lenzi.

Ana macho manane, mawili makubwa mbele kama taa za gari. Nywele kwenye miguu. Na ule mguu wa mbele ulikuwa unatetemeka, kidogo sana, kama uzi uliovutwa na kuachiwa. Hakufa. Wote hawakufa! Nyigu amewachoma wasiweze kusogea, wawe wabichi kwa ajili ya mtoto wake atakayetoka kwenye yai. Wako hai, wanajua, na hawawezi kuinua mguu.



Mkwe aliponikuta sakafuni alipiga yowe. "Mama! Umeanguka?"

"Nilikwenda kabatini."

"Ulikwenda na nani?"

"Kwani kabati liko nchi gani? Niletee kifuniko cha chupa na pamba yenye maji. Huyu wa kijani tumweke."

Jumatano, 26 Machi
Mwili mzima unauma. Buibui: mguu mmoja unasogea. Kocha ameambiwa habari ya kabati na mkwe mbea, akapiga makofi. Nimemwambia asije akaanza kunilinganisha na buibui. Kasema hakuwa na wazo hilo. Muongo.

Ijumaa, 28 Machi
Miguu miwili. Mkwe kaenda, karudi. Sikutazama saa, nilikuwa natazama buibui.

Jumapili, 30 Machi
Mwanangu alikuwa nyumbani. Niliuliza, "Nyumba yangu inaendeleaje?" Akatazama simu. "Ipo, Mama. Pumzika." Mkwe akainuka kwenda kuosha kikombe ambacho kilikuwa hakijanywewa.

Jumanne, 1 Aprili
Nyigu wa pili kaja kujenga kando ya yule wa kwanza. Nimeuchunguza udongo wa vyumba kwa lenzi: mweusi, chembe laini, kama masizi yaliyosagwa. Nikamuuliza mkwe nyigu wanautoa wapi. Akavaa ndala akatoka mvuani, akarudi amelowa chapachapa na kibonge kwenye jani. "Pale bomba linapovuja, Mama. Wamejaa pale kama mafundi wanaosubiri zege." Mweusi ule ule. Tulifurahi kama watu waliookota kitu.

"Mtaa huu wote ni mweusi?" nikauliza.

"Wote mpaka barabara kuu."

Kisha akaenda safari yake. Aliporudi alivua viatu mlangoni, nami nikaviona kutoka kitandani, maana sasa hivi nalala na mto mrefu ili nione dirisha.

Matope mekundu. Mpaka kwenye visigino.

Mji huu wote najua mahali pamoja penye udongo mwekundu kama ule. Nimeufagia miaka thelathini.

Jumatano, 2 Aprili
Sikulala vizuri. Wameiuza, au wamepangisha. Anapeleka watu kuiangalia, anawafungulia kwa funguo zangu, wanaingiza vichwa chumbani kwangu. Jana huyu huyu alilowa kwa ajili ya udongo wa nyigu. Mtu anaweza kuwa vitu viwili. Kitambaa kina mtande, nyuzi za urefu, na kina mshindio, nyuzi za upana.

Alhamisi, 3 Aprili
Asubuhi nilisinzia. Nikaamshwa na yowe.

"Mama! Mama! Anatembea!"

Buibui alikuwa nje ya kifuniko, juu ya meza, anakwenda upande upande kama mlevi, miguu miwili ya nyuma ikiburutwa. Mkwe kapanda juu ya kiti. Anawaogopa buibui! Wiki mbili nzima kumbe anakaa karibu nao huku roho juu, na mimi sikuiona kasoro hiyo. Alikuwa anapiga yowe na kucheka pamoja. "Nenda, baba, nenda! Lakini usije huku!"

Alifika ukingoni, akajirusha kwa uzi wake, akatua sakafuni, akaingia chini ya kabati.

Tulicheka mpaka nikapaliwa. Akanipiga mgongoni, na mkono wake ulikuwa wa moto, na mimi nikawaza: mkono huu ndio unaoshika funguo zangu. Kicheko kikaisha.

Ijumaa, 4 Aprili
Alipochungulia mlangoni na neno lake la duka, nikamwambia, "Kaa chini, mkwe."

Akakaa.

"Udongo wa hapa ni mweusi. Wewe mwenyewe umenionyesha. Viatu vyako Jumanne vilikuwa vyekundu. Funguo zilizomo mkobani mwako ni tatu, kwenye pete ya waya. Duka unalokwenda ni kwangu. Sasa niambie mmemuuzia nani."

Tabasamu lilimwanguka kama shuka kutoka kwenye kamba. Sijawahi kumwona uso wake hasa mpaka leo. Ni uso wa mtu aliyechoka sana.

"Hatujauza, Mama. Imeanguka."

"Nini imeanguka?"

"Nyumba. Wiki ya kwanza ya mvua. Ukuta wa barabarani wote, na chumba chako. Paa limekaa upande. Mwanao alisema tusikwambie, daktari alisema usipate mshtuko. Mimi nikasema vitu vya Mama vitaoza. Basi nakwenda. Jua likitoka naanika, likijificha naanua. Nguo, picha, godoro. Godoro sikuliweza." Akaanza kulia. "Sijui hata kudanganya vizuri. Kiberiti! Nilirudi na kiberiti!"

Nilikuwa sahihi. Walinificha. Nilikuwa sahihi kwa kila kitu, isipokuwa kile nilichokitafuta.

Nikamwambia atoke.

Jumamosi, 5 Aprili
Sina la kuandika.

Jumapili, 6 Aprili
Mwanangu kapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, nisamehe." Nikamwambia, "Mlinifanya mtoto." Akasema, "Ulikuwa hutaki kula. Ningekwambiaje?"  Bado sikumsamehe.

Jumatatu, 7 Aprili
Mvua. Nyigu wameziba vyumba vyote na kuondoka. Kocha alikuja, nikamgeuzia mgongo.

Jumanne, 8 Aprili
Nimewaza: na je kama hili nalo ni uongo? Mtu akikudanganya mwezi, anaweza kukudanganya siku ya thelathini na moja. Nikamwita mkwe. "Unakwenda leo?"

"Ukiniruhusu, Mama."

"Niletee kipande cha ukuta."

Aliniangalia kama nimeomba mwezi, lakini alikileta, kimefungwa kwenye gazeti, kikubwa kama mkate. Alitaka kutoka. Nikamwambia abaki, anishikie taa.

Udongo mwekundu, na nyasi zilizokatwakatwa ndani. Juu yake lipu ya saruji, na juu ya lipu, rangi. Kwa macho ni nyeupe. Kwa lenzi, pale ilipovunjika, niliona mistari kama kurasa za kitabu kilichofungwa: nyeupe, manjano, nyeupe, bluu, nyeupe, kijani hafifu. Ya kijani ilinishangaza. Niliishi pale miaka thelathini na mmoja nikaisahau. Tuliipaka mwanangu alipoanza shule, kwa sababu duka lilikuwa na kopo hilo tu.

"Una picha ngapi zilizopona?" nikamuuliza.

"Nyingi, Mama. Ulizokuwa umeziweka kwenye bati la biskuti."

"Na ulikuwa unazianika wapi?"

"Kwenye seng'enge ya jirani. Kwa vibanio."

Nikaona sura yangu ya usichana ikining'inia kwa kibanio barabarani, watu wanapita. Nikasema ahsante. Limechelewa mwezi mzima, lakini limetoka.

Ijumaa, 11 Aprili
Nimesema nataka kwenda kuiona. Mwanangu: "Mama, utaumia bure. Hakuna kitu kule."

"Kama hakuna kitu unaogopa nisione nini?"

Kocha kasema kutoka garini mpaka ukutani ni kama hatua arobaini, na mimi nina kumi na mbili. "Basi ongeza," nikamwambia. "Leo hamna filimbi?"

Jumatatu, 14 Aprili
Kumi na saba. Nimetapika.

Alhamisi, 17 Aprili
Ishirini na mbili. Fimbo mpya. Naishuku fimbo hii, ina mlio.

Jumanne, 22 Aprili
Kutoka chumba cha kwanza cha udongo katoka nyigu mpya. Alitoboa tundu la mviringo kamili, akatoa kichwa, akajipangusa uso kwa miguu. Mkwe aliacha wali ukaungua. Tukala hivyo hivyo.

Jumamosi, 26 Aprili
Thelathini na moja. Mvua zinapungua.

Ijumaa, 2 Mei
Tumekwenda. Mwanangu kachukua ruhusa kazini, mkwe kabeba fimbo ya akiba na chupa ya maji kana kwamba tunavuka jangwa.

Sitaandika sana nilivyojisikia gari liliposimama. Chumba changu ni kichuguu. Bati limekunjwa. Godoro lilipokuwa, majani yameota. Miguu ilikataa palepale, na mwanangu akasema taratibu, "Turudi, Mama?" Ilikuwa sauti ya kunibembeleza, nikaichukia, na nikaona jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa anatetemeka. Nikamwambia asimame upande wa kulia.

Hatua arobaini na nne. Kocha hajui kupima.

Ukuta uliobaki upande huu wa mbele ni wa kati. Mvua imeubandua lipu yote, ukabaki uchi: miti iliyosimama, fito zilizolala, na udongo uliokandikwa kati yake. Sijawahi kuuona hivyo tangu ulipojengwa. Nikatoa lenzi kwa mazoea, nikasogea, na sikuihitaji.

Udongo ulikuwa umejaa vidole.

Kila donge limekandamizwa kwa mkono, na mkono umeacha alama yake, vidole vinne na kiganja, donge kwa donge, safu kwa safu mpaka juu. Vipana, vimezama sana. Marehemu mume wangu. Alikandika mwenyewe kila jioni akitoka kazini, na tulipopiga lipu vidole vyake vikafungiwa humo ndani. Miaka yote hiyo nimelala umbali wa mkono kutoka kwake.

Mwanangu aliweka kiganja chake juu ya kimoja. Chake ni kikubwa zaidi.

"Na hivi vya chini?" mkwe akauliza. Alikuwa amechuchumaa. Chini, mpaka usawa wa kiuno, vidole ni vyembamba, vya karibu karibu.

"Vyangu," nikasema. "Nilikuwa nakandika huku nimekaa juu ya ndoo. Kuinuka nilikuwa siwezi, huyu alikuwa tumboni."

Mkwe akaushika mkono wangu wa kulia, ule uliolala, akauinua, akaniwekea vidole kwenye vile vya zamani. Havikuingia. Vimenenepa. Lakini niliuhisi ubaridi wa udongo, na ule mkono tangu Januari haukuwa umehisi kitu baridi wala moto. Sikumwambia mtu. Nimeandika hapa tu, na kesho nitauchovya kwenye maji ya barafu nione kama ni kweli, maana siuamini.

Kisha nikaona kasoro.

Katikati ya ukuta, juu ya vyangu na chini ya vyake, kuna safu moja, madonge kama tisa, yenye alama nyingine kabisa. Vidole vifupi, vya mviringo, na kidole gumba kimekandamiza kwa upande, kama mtu wa mkono wa kushoto. Mume wangu alikuwa wa kulia. Mimi nilikuwa wa kulia.

"Hivi vya nani?" mwanangu akauliza.

"Sijui."

"Alikuwepo fundi?"

"Hapakuwa na fundi. Hapakuwa na mtu." Nikaweka lenzi. Pembeni ya kiganja kimoja kuna mstari mwembamba, kovu au uzi. "Mtu kaja akakandika madonge tisa kwenye nyumba yangu, na mimi nilikuwepo, na simjui!"

Mkwe akacheka. "Mama, umekasirika au umefurahi?"

Nilikuwa sijui pia.

Mwanangu akakohoa. "Mama, mafundi wanakuja Jumatatu kuubomoa huu uliobaki, usije ukaangukia watu."

"Waambie wangoje. Uegemeze kwa miti, na uwekee turubai."

"Wangoje mpaka lini?"

"Mpaka nimalize kuukagua."

Akanitazama, kisha akautazama ukuta juu mpaka chini. "Huu tu, Mama?"

"Na ule wa nyuma," nikasema. "Ule sijauona bado. Nishike mkono."